Bahari ya kuua kwa stori yako: ya hewa, ya magugu, ya dhoruba ama ya laana?

Vijana wengi hapa Kisumu wanaoanza kuandika stori za fantasia, ama wanaoongoza zile gemu za mezani za dadu ambapo mmoja anasimulia na wengine wanaamua wahusika wao wafanye nini, wananiuliza swali moja: wanataka bahari hatari, ile watu wakiitaja sauti inashuka, na hawajui waiunde aje. Wengi wanaanza na mnyama. Wanaweka joka la maji la vichwa saba hapo katikati na wanaona kazi imeisha. Mimi naonelea makosa inaanzia hapo, juu joka likishauawa bahari inabaki maji tu, mtu anaweza kwenda kufua nguo. Maji yenyewe ndio inafaa yaue, na yaue kwa njia ambayo mtu akikaa nayo miaka anaweza kuisoma.

Kikundi chetu ni watu sita, tunakutana Jumamosi jioni kwa sebule, na kwa miaka kama mitatu nimejaribu bahari za aina nne. Zote nimezitoa kwa maji ya ukweli, mengine ya mbali na mengine tunayaona tukifungua dirisha. Nikizilinganisha naangalia vitu vitatu tu: inatoa ishara gani kabla haijaua, mtu akishaona ishara ako na muda gani, na kwa nini watu bado wanaishi kando yake. Hiyo ya tatu ndio watu husahau. Ukiunda bahari ya kuua halafu hakuna mtu anaenda huko, umeunda ukuta.

Nianze na bahari ya hewa juu ndio ya kutisha kushinda zote. Chanzo chake ni Ziwa Nyos kule Kameruni, ziwa la kreta lenye kina cha kama mita 200. Gesi ya kaboni dayoksaidi inatoka ardhini, inayeyuka kwa maji ya chini kabisa na inakaa hapo imekandamizwa na uzito wa maji ya juu, vile gesi inakaa ndani ya chupa ya soda iliyofungwa. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 chupa ilifunguka. Gesi nyingi ilipanda kwa pamoja ikamwagika nje ya ziwa, na kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida haikupotea juu, ilitambaa chini ikifuata mabonde kama maji ya mafuriko, ikasukuma hewa ya kupumua nje. Watu zaidi ya 1,700 walikufa na mifugo karibu 3,500, wengine wakiwa zaidi ya kilomita 20 kutoka ziwani. Nyumba hazikuguswa. Na ziwa lililokuwa la buluu likawa jekundu kama kutu, juu madini ya chuma yaliyokuwa chini yalipanda yakakutana na hewa.

Mara ya kwanza kuwaeleza wenzangu hii kitu hawakuielewa vizuri, basi nikachukua beseni, nikaweka magadi soda nikamwagia siki, ikatoa povu, povu ikatulia, na beseni ikaonekana haina kitu juu ya ile maji kidogo. Nikawasha mshumaa mfupi nikauteremsha polepole na koleo. Ulipofika usawa wa mdomo wa beseni moto ukainama, ukawa mdogo, ukazima, na moshi haukupanda, ulitanda pale ndani kama umelala juu ya meza ya kioo. Hakuna mtu aliongea. Baada ya hapo kila wakifika kijiji cha pwani kwa gemu wanauliza kwanza kama taa zinawaka na kama kuku wako hai, yaani wamejifunza ishara bila mimi kuwapa somo.

Na huhitaji kwenda Kameruni. Upande wa Goma, kando ya Ziwa Kivu, kuna mabonde madogo na mashimo ambapo gesi hiyo hiyo inajikusanya chini na kuua anayeingia, na wenyeji wanaziita mazuku, yaani upepo mbaya. Hilo jina peke yake ni nusu ya stori. Ziwa Kivu lenyewe lina gesi nyingi huko chini, kaboni dayoksaidi pamoja na metheni, na Rwanda tangu 2016 wana mtambo mkubwa unaovuta hiyo metheni na kutengeneza stima. Fikiria hiyo kwa dunia yako ya fantasia: maji ambayo yanaweza kuua mji wote ndio hayo hayo yanawasha taa za mji.

Shida ya bahari ya hewa ni muda. Ishara ikionekana umebaki na dakika za kukimbilia kilimani, na kama ulikuwa umelala hakuna ishara. Kwa stori ya usiku mmoja inafaa sana. Kwa stori ya sura 40, ikilipuka mara moja umemaliza wahusika, na isipolipuka msomaji anasahau iko. Kitu kimoja tu kinaiokoa: mabomba. Nyos tangu 2001 waliteremsha mabomba mpaka chini ili gesi itoke kidogo kidogo, maji yakawa yanaruka juu kama chemchemi. Kama unaenda na hii bahari weka mabomba, halafu jiulize nani anayalinda, nani anamlipa huyo mlinzi, na itakuwaje siku asipolipwa.

Sasa bahari ya magugu, na hapa nitakaa kidogo juu hii tunaijua kwa ngozi.

Watu wakitaka magugu huwa wanakimbilia Bahari ya Sargasso, ile ya Atlantiki ambayo haina pwani hata moja, imezungukwa tu na mikondo minne ya maji, na juu yake mwani unaelea umebebwa na vipulizo vidogo kama zabibu. Columbus alipita hapo mwaka wa 1492 na mabaharia wake waliogopa. Ni nzuri kwa jina na kwa picha. Lakini ukweli ni kwamba mwani ule haukushika meli, kilichokuwa kinawashika mabaharia wa matanga ni kukosa upepo. Kama unataka kitu kinachoshika kweli, gugu maji letu linashinda mbali.

Lilitoka Amerika Kusini, likaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ghuba yetu ya Winam ilikuwa imefungwa sehemu kubwa mpaka boti za abiria haziwezi kutia nanga. Walileta wadudu wa kulila, likapungua, na tangu hapo limekuwa likirudi. Likipata chakula cha kutosha linaweza kujiongeza mara mbili kwa wiki mbili hivi. Ukilichukua mkononi unaona kwa nini halizami: shina lake limevimba kama puto, ukilifinya linalia kwa vidole, ndani ni sponji tupu. Juu kuna ua la zambarau lenye doa la njano, ua zuri kabisa, la kuweka mezani. Chini mizizi imening'inia myeusi yenye manyoya, na hapo ndani mna konokono, na saa zingine nyoka.

Mjomba wangu alikuwa anavua mbuta. Siku moja nikiwa darasa la sita alitoka saa kumi alfajiri maji ikiwa wazi kabisa, na aliporudi kama saa saba mchana ghuba ilikuwa imefungwa, kijani kitupu mpaka ufuoni, ungedhani ni shamba. Akajaribu kupita. Propela ikajaa mizizi, akainua injini, akakata na panga, akasonga urefu wa boti moja, ikajaa tena. Akizamisha kafi gugu linafunguka mbele na linafunga nyuma, mpaka ikafika mahali hawezi kwenda mbele na hawezi kurudi. Na alikuwa karibu! Hiyo ndio kitu haijawahi kunitoka. Tulikuwa tunaliona shati lake jekundu, mama alimwita akaitika, tukasikia vizuri anachosema, na hakuna mtu angeweza kumfikia, juu ni kizito sana kwa boti na ni chepesi sana kwa mguu. Walijaribu boti nyingine ikakwama pia. Tulikaa hapo hadi giza. Alituambia baadaye kilichomsumbua si njaa, ni kiboko aliyemsikia akipumua hapo karibu usiku na hakujua ako upande gani.

Usiku sana gugu likaanza kusonga lenyewe, polepole, kurudi ziwani, na likambeba naye, halafu likapasuka kukawa na njia. Alifika alfajiri.

Ukilinganisha na ile ya hewa, hii ni kinyume kwa kila kitu. Hewa inaua haraka na haionekani, gugu linaonekana kutoka mbali na halina haraka. Ishara iko wazi, muda uko mwingi, na bado unanaswa, na huo muda ndio dhahabu ya mwandishi juu wahusika wanaongea, wanalaumiana, wanagawana maji ya kunywa, mmoja anasema atatembea juu yake. Kwa stori ndefu sijapata bahari bora. Udhaifu wake ni kwamba peke yake haitishi wasomaji ambao hawajawahi kuiona, wanaona ni majani tu, kwa hivyo lazima uwaonyeshe kwa karibu, uzito wa kafi, mlio wa shina likifinywa, mtu anayeitika na hafikiki.

Ya tatu ni ya dhoruba, na hii nataka tuiongelee kwa heshima kwa sababu ziwa letu linaua watu wengi kushinda vile magazeti yanaandika. Makadirio ambayo watu wa hali ya hewa huyataja kwa Ziwa Victoria lote ni kati ya watu 3,000 na 5,000 kila mwaka. Nam Lolwe, vile ziwa hili linaitwa kwa Kijaluo, ni kubwa, karibu kilomita mraba 68,800, lakini si refu kwenda chini, wastani ni mita 40 tu, na maji ya kina kifupi upepo ukiyapiga yanatoa mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayofuatana bila nafasi, mashua haipati muda wa kupanda moja kabla ya lingine kufika.

Kanuni yake ni nzuri ajabu na waandishi wengi hawaitumii. Mchana jua likiwaka nchi kavu inapata joto haraka kuliko ziwa, basi upepo unatoka ziwani kuja kwetu, na mawingu yanaenda kujijenga upande wa Nandi na Kericho. Usiku inageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto, upepo unatoka pande zote za pwani kuelekea katikati ya maji, unakutana huko, unapanda juu, na radi inasimama juu ya ziwa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Na ni saa hizo hizo wavuvi wa omena wako kazini, juu omena inafuata taa na taa inafanya kazi vizuri usiku ambao hakuna mwezi. Ukisimama ufuoni usiku kama huo zile taa huko mbali unaweza kudhani ni mtaa mwingine wa Kisumu. Kwa nini watu wanaishi kando ya bahari ya kuua? Hapo jibu liko mezani, limekaangwa na nyanya.

Kama bahari ya fantasia, ya dhoruba ina shida moja: kila mtu ameshaiandika. Radi, mlingoti umevunjika, mtu ameanguka majini, msomaji anaruka hiyo kurasa. Ukiichagua, usiiandike kama hasira ya mungu wa bahari. Iandike kama ratiba. Watu wako wajue inakuja saa ngapi, na waende hivyo hivyo kwa sababu samaki wanakuja saa hiyo.

Ya laana nayo tuko nayo hapa jirani. Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, ziwa dogo la mviringo, maji ya kijani yenye magadi, hakuna samaki. Hadithi wazee wameitoa vizazi vingi: kulikuwa na kijiji kina karamu, akaja bibi kizee amechoka akiomba mahali pa kulala, wakamfukuza, mama mmoja tu ndiye alimpokea, na usiku bibi akamwambia huyo mama aondoke na watu wake, kisha maji yakafunika kijiji chote. Wanajiolojia wanasema ni kreta ya volkano. Mimi kwa stori zote mbili nazichukua, hazigombani. Halafu kuna Nyamgondho wa kule Gwassi, mvuvi maskini aliyenasa mwanamke mzee kwa wavu wake, mwanamke akamletea ng'ombe tele, siku moja kwa ulevi akamtukana, na mwanamke akarudi ziwani na ng'ombe wote wakimfuata mpaka wa mwisho akazama. Ukienda Nyandiwa wanakuonyesha alama za kwato kwenye mawe.

Angalia kitu kimoja kwa hizo hadithi zote mbili: maji hayakuanza. Mtu alikosea mtu mwingine kwanza. Ndio maana nikiona kijana ameandika bahari ya laana na nikimuuliza nani alikosewa hana jibu, namwambia hii chagua baadaye. Ishara ya bahari ya laana ni tabia ya watu, na muda wake ni ule mgeni anakaa mlangoni. Ukiwa na jibu la nani alikosewa inaweza kushinda zote tatu, ukiwa huna itakuangusha.

Kuna zingine nimezipitia na sikuzipenda sana. Ya magadi kama Ziwa Natron kule Tanzania, maji makali mpaka mizoga ya ndege inakauka imeganda na chumvi, ni picha moja kali na baada ya hapo hakuna kingine, ingawa kule flamingo wanazaa kwa amani juu maadui hawathubutu kuingia, hiyo iweke akilini kama una wahusika wanaotafuta mahali pa kujificha. Na wenzangu wa Nakuru waniambie, juu wao wameona maji yanayopanda bila kelele, ziwa likameza geti la zamani la mbuga na barabara, miti ikasimama imekufa ndani ya maji. Hiyo ni polepole zaidi hata ya gugu. Inafaa stori ya miaka mingi, babu mpaka mjukuu, si ya safari.

Sasa kuchagua. Kama una usiku mmoja ama stori ya kurasa kumi, chukua ya hewa, na uweke kijiji chako bondeni na mhusika wako mkuu awe ametumwa kilimani kwa sababu ya kawaida kabisa, kutafuta mbuzi. Kama unajua nani alikosewa, chukua ya laana na uandike sehemu kubwa ikiwa nchi kavu. Kama unataka stori ndefu yenye watu kwenye chombo kimoja, magugu. Ya dhoruba peke yake sikushauri, lakini usiitupe, na hapa ndio nilifika mwaka huu baada ya kufikiria ule usiku wa mjomba.

Upepo wa mchana, ule wa kutoka ziwani, ndio unalisukuma gugu likafunga ghuba. Upepo wa usiku, ule wa kwenda ziwani, ndio ulimfungulia mjomba njia. Na upepo huo wa usiku ndio ule ule unaoenda kukutana katikati na kuleta radi. Yaani saa ile gugu linakuachilia ndio saa dhoruba inajengeka mahali unakoachiliwa. Hizo si bahari mbili, ni moja yenye saa moja. Mchana inakushika, usiku inakufungulia ikupeleke inakotaka.

Hiyo ndio nimeweka kwa gemu yetu na naishauri kwa yeyote anayetaka bahari ya kudumu. Sikuwaambia wenzangu kanuni. Mara mbili walikwama, mara mbili wakashangilia gugu likifunguka usiku, na mara zote mbili wakapoteza mashua huko mbele wakalaumu dadu. Jumamosi iliyopita wamekwama tena, jua limeingia, nikawaambia upepo umegeuka na mnasikia majani yanaanza kusonga. Wanne wakanyanyua makafi. Dada mmoja, ndiye mdogo kwa kikundi na babake ni mvuvi, akasema ngojeni kwanza. Akaniuliza kama ndani ya gugu kuna mawimbi. Nikamwambia hapana, gugu linalaza maji, hata mawimbi makubwa yakifika kwake yanakufa. Akaniuliza taa za wenzetu walioko mbele zinaelekea wapi. Nikamwambia katikati, zinakusanyika.

Akachukua kamba, akafunga mashua kwa gugu lenyewe.